Trekta Dogo na Tela Nyumbani: Ulizeni Breki Kabla ya Bei



Katika viwanja vya Bunju, Mabwepande, Chamazi na Toangoma, wengi wetu tunajenga huku tukilima na kufuga. Mchanga, matofali, samadi na maji husogezwa kila siku, na toroli huchosha. Ndiyo maana trekta dogo lenye tela linatamaniwa.

Muuzaji hutaja kwanza nguvu ya injini. Sisi twawashauri muulize kwanza breki. Kuvuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusimama. Kwenye mteremko, tela lililosheheni ndilo linalolisukuma trekta. Likipinda ubavuni, huweza kulipindua pamoja na dereva.

Kwa hiyo jueni uzito. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji hubeba kilo 20. Ikijaa mchanga hupita kilo 30. Mifuko 10 ya saruji ya kilo 50 ni nusu tani. Daini kiwango cha mzigo kwa maandishi, cha trekta na cha tela. Mteremkoni punguzeni mzigo, shukeni kwa gia ndogo, wala msizime injini. Watoto wasipande telani kamwe.

Mwisho, daini risiti ya kielektroniki na dhamana iliyoandikwa. Bila hizo, madai yenu hukosa ushahidi. Na kama kiwanja ni kidogo na tambarare, toroli imara, au guta la kukodi kwa siku, laweza kutosha. Fedha itakayobaki na inunue saruji.