Kijana Aliyelala na Viatu

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya mafunzo parokiani)

 

Kichwa tulichopewa ni "Vijana Wetu Wameharibika." Tunaomba ruhusa tukigeuze kidogo. Tuulize waliharibikia wapi, na sisi wakubwa tulikuwa wapi wakati huo.

Kikundi kimoja, hatutakitaja, kilikuja ofisini kwetu kikitaka tukisaidie kuandika barua ili kijana wa miaka 15 apelekwe Borstal kule Shikusa. Alikuwa amevunja stoo ya kikundi akachukua magunia mawili ya mahindi. Shuleni alikuwa amemrukia mwalimu kwa ngumi. Mwenyekiti alituambia, "Huyu si mtoto, huyu ni shetani." Sisi pia tuna makosa. Miaka ya nyuma tuliandika barua za namna hiyo bila kuuliza mengi. Safari hii tulienda kwao kwanza.

Nyumba ina vyumba viwili. Mama ni mjane, anauza chang'aa. Wateja huanza kuingia jua likizama, wa mwisho hutoka usiku wa manane. Kijana alitueleza kwamba tangu akiwa na miaka sita alikuwa akilala jikoni kwa jirani pamoja na mbuzi, na viatu miguuni. Viatu vya nini, tukamuuliza. "Ili nikitoka mbio nisichomwe na miiba." Dada yake mdogo hakuwa na pa kukimbilia. Ya huyo tumeyapeleka kwa afisa wa watoto na polisi, hatutayasema hapa.

Sasa, jameni, mnajua mbuzi aliyewahi kukoswakoswa na fisi. Hata ukimpelekea majani anaruka. Mwili wa mtoto ni hivyo hivyo. Hatari ikija, moyo hupiga mbio, damu huenda miguuni na mikononi, akili huacha kufikiri ya kesho na kushughulikia ya sasa hivi. Hiyo ni zawadi ya Mungu, ikidumu dakika chache. Lakini mtoto ambaye hatari yake huja kila jioni, mwili wake haupoi. Na ubongo wake bado unajengwa. Sehemu inayosikia hatari hukomaa mapema, ile ya kujizuia na kupima mambo huchelewa. Kwa kila mtu hiyo huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20.

Mwalimu alimshika bega kwa nyuma. Kwa mwalimu lilikuwa jambo dogo. Kwa kijana, mkono unaotoka nyuma ulikuwa na maana yake tangu utotoni. Hatusemi ngumi ni halali. Tunasema ilikotoka panajulikana.

Mtaona na mengine. Mtoto anadanganya hata pasipo na haja, kwa sababu nyumbani ukweli ulimletea kipigo. Anaficha chapati chini ya godoro. Anasinzia darasani, anaitwa mvivu. Msichana wa miaka 14 anaenda kwa mwanamume mwenye chumba chenye kufuli, nasi tunasema ana tamaa. Labda alichotaka ni kile kufuli.

Msifikiri ni shida ya maskini tu. Kule San Diego, Marekani, kati ya mwaka 1995 na 1997, madaktari waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao. Wengi walikuwa watu wenye kazi na bima ya matibabu. Kadiri mtu alivyopitia mabaya mengi utotoni, kama kupigwa, kunajisiwa au kuishi na mlevi, ndivyo ulevi, majaribio ya kujiua na hata magonjwa ya moyo yalivyoonekana zaidi ukubwani. Hapa kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa 2019 uliwahoji vijana wa miaka 18 hadi 24. Katika kila wavulana 100, kama 52 walisema waliumizwa mwilini kabla ya kufika miaka 18. Wasichana, kama 39.

Lakini si kila aliyelala jikoni huwa mwizi. Wengi wananusurika, na mara nyingi ukiwauliza watakutajia mtu mzima mmoja ambaye hakubadilika-badilika: shangazi, katekista, mwalimu. Yule jirani mwenye mbuzi, bila kujua, alikuwa ameanza kazi hiyo.

Sasa linakuja jambo gumu. Tulipofungua vitabu vya kile kikundi, tulikuta yule mama alikopeshwa mara tatu. Kwenye daftari imeandikwa "biashara ndogo ndogo." Kila mwanakikundi alijua ni biashara gani. Alilipa vizuri, na riba yake ilisaidia kununua yale mahindi yaliyoibwa. Mwenyekiti alinyamaza sana siku hiyo.

Barua hatukuandika. Kijana anafanya kazi Jumamosi kwenye shamba la kikundi kulipa mahindi, analala kwa yule jirani, kitandani sasa. Mama amekopeshwa tena, kwa kuku, na mweka hazina humtembelea jioni, saa ya wateja, si asubuhi. Bado ni mapema kusema mengi. Juzi alitoroka siku mbili, akarudi.

Ukijua mtoto anaumizwa, mwambie chifu au afisa wa watoto, au piga simu 116, haitozwi. Usingoje mkutano wa mwezi.

Kabla ya chai tugawanyike vikundi vitatu. Kila kikundi kifungue daftari lake la mikopo, kisome majina, na kando ya kila jina kiandike watoto wa nyumba hiyo wanalala wapi.