Kusoma kwa Kufahamu: Mwanafunzi Wetu Mbele ya Kitabu cha Kiingereza



Jambo ninalokusudia kulieleza jioni hii ni la kila siku katika shule zetu za sekondari, na pengine kwa kuwa ni la kila siku limeacha kutazamwa kwa makini. Mtoto wa Tanzania aliyesomeshwa miaka saba kwa Kiswahili, lugha ambayo tangu mwaka 1967 ndiyo ya kufundishia katika shule za msingi za umma, huingia Kidato cha Kwanza akakuta kwamba jiografia, historia na biolojia, alizozifahamu jana kwa lugha anayoiotea ndoto, leo zimo ndani ya vitabu vya Kiingereza, lugha ambayo hata siku ile ilikuwa kwake somo moja tu miongoni mwa masomo. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilishauri Kiswahili kipandishwe daraja hata sekondari, na ushauri ule haukutekelezwa. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba ulikuwa ushauri wa busara. Lakini maadamu vitabu viko kama vilivyo, mtoto aliyeketi darasani leo hawezi kuungoja mjadala wa watu wazima uishe, na kwa ajili yake nauliza swali lililo dogo zaidi: atafundishwaje kukisoma kitabu kile hata akifahamu?

Nasema akifahamu, kwa sababu sisi watu wa pwani tunaijua vyema tofauti iliyopo baina ya kuyatamka maandiko na kuyafahamu. Mtoto wa chuo cha Kurani huanza na alifu, akafunzwa irabu, akaunganisha, akapanda juzuu kwa juzuu hata akahitimu, na kisomo chake kikawa cha kupendeza masikioni, matamshi yamenyooka na vituo vimetimia, ilhali maana ya Kiarabu asomacho hajafundishwa bado. Kisomo kile kina heshima yake na thawabu yake, wala hakuna mwalimu wa chuo apataye kudhani kwamba mtoto yule sasa anajua Kiarabu. Kila mtu afahamu kuwa atakaye maana ana safari nyingine mbele yake, ya sarufi na nahau na tafsiri, miaka mingi mbele ya sheikh. Shule zetu ndizo zilizoyachanganya mambo haya mawili. Mwalimu wa Kiingereza humsimamisha mwanafunzi, mwanafunzi husoma aya kwa sauti, mwalimu humsahihisha matamshi, kisha humwita mwingine, na kengele iliapo huandikwa katika kitabu cha kazi kwamba darasa limekwisha soma sura ya tatu. Hapana aliyeulizwa sura ile imesema nini.

Na tuitazame kazi yenyewe ilivyo ngumu, ili tusimlaumu mtoto kwa lisilo kosa lake. Maandishi ya Kiswahili ni maaminifu: herufi huahidi sauti, na sauti huja, ajuaye silabi zake aweza kutamka neno lolote la Kiswahili hata kama hajapata kulisikia. Mwanafunzi aliyelelewa katika uaminifu huo hukutana na maneno ya Kiingereza kama «though», «through», «tough» na «cough», ambayo mikia yake imeandikwa sawasawa na kila mmoja hutamkwa namna yake, naye hulazimika kulijua kila moja kwa sura yake nzima, kama tunavyozijua nyuso za watu. Taabu hiyo humpunguzia mwendo, na mwendo una hukumu kubwa katika kufahamu. Mwaka 1879, mjini Paris, tabibu wa macho Émile Javal alieleza kwamba jicho lisomalo halitelezi juu ya mstari, bali huruka na kutua, likaruka tena. Na wataalamu waliokuja baadaye walipima wakaona kwamba kila kituo, kwa msomaji hodari, huchukua wastani wa karibu robo ya sekunde. Mwanafunzi wetu hutua juu ya kila neno, mara nyingine juu ya kila silabi, akarudi nyuma, akatua tena, na afikapo kwenye nukta ya mwisho mwanzo wa sentensi umekwisha mtoka: achota maji kwa pakacha.

Kuna na shida iliyofichika zaidi. Walimu wengi huwaandikia wanafunzi ubaoni maneno makubwa ya somo, wakadhani kuwa ndiyo yazuiayo maana. Ila nimeona mara nyingi kwamba mtoto huanguka kwenye maneno madogo. Kitabu cha biolojia kikisema kwamba mbegu haitaota «unless» imepata maji, mwanafunzi ajuaye mbegu, ajuaye kuota, ajuaye maji, lakini akaliruka neno lile dogo kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, hujibu kwamba maji huizuia mbegu isiote. Na mwalimu wa biolojia humwandikia kosa la biolojia. Maneno ya namna hiyo, ya sharti na sababu, ya kukanusha na kuvua, ndiyo mifupa ya hoja katika kila kitabu cha ilimu, nayo yastahili kufundishwa kwa subira na kwa mifano mingi, katika kila somo wala si katika somo la Kiingereza peke yake.

Je, ukurasa mmoja waweza kubeba maneno mangapi mageni kabla maana haijazama? Watafiti Marcella Hu na Paul Nation walilipima jambo hili na kutangaza matokeo yao mwaka 2000: miongoni mwa wasomaji waliopewa hadithi ambayo katika kila maneno 5 mojawapo hawalijui, hakuna hata mmoja aliyeifahamu vya kutosha, na wakakadiria kwamba msomaji ahitaji kuyajua maneno 98 katika kila 100 ili asome bila msaada. Katika ukurasa wa maneno 300, basi, mageni yasizidi 6. Nawaomba walimu waliomo humu wakifungue kesho kitabu chochote cha Kidato cha Kwanza, wampe mtoto kalamu ayapigie mstari maneno asiyoyajua, kisha wahesabu. Mtoto anayekuta mageni 60 pale yalipotakiwa 6 hasomi. Hufumbua mafumbo, na kwa kuwa mafumbo hayafumbuki, hukariri.

Shida hii haikuanzia kwetu, na walioikabili kabla yetu wametuachia maarifa. Michael West, Mwingereza aliyefanya kazi ya elimu huko Bengal, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1926 kuhusu lugha mbili kwamba wanafunzi wengi wa Bengal huiacha shule kabla ya kuimaliza, na kwa hiyo yapasa kuuliza, siku mtoto aondokapo, iwe ni mapema namna gani, atakuwa amechukua nini mkononi. Aliyefundishwa nusu ya sarufi huondoka na nusu ya kitu kisichotumika; aliyefundishwa kusoma, hata kwa maneno machache, huondoka na ufunguo. West akatunga vitabu vyepesi vilivyopunguza maneno mapya katika kila ukurasa na kuyarudia rudia hata yakazoeleka, na mwaka 1953 akachapisha orodha yake mashuhuri ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yenye manufaa zaidi. Nalipenda swali lake kuliko orodha yake, kwa sababu linamfikiria mtoto atakayeshindwa mtihani, na hao ni watoto wetu pia.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote, kwa maoni yangu, ulitoka visiwani Fiji. Huko watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi za Kiingereza, vyenye picha na vya kuvutia, vipatavyo 250 kwa kila shule, katika shule za mashambani ambazo watoto wake nyumbani husema lugha nyingine. Baadhi ya madarasa yalisoma pamoja na mwalimu, yakizungumza juu ya hadithi, na mengine yalisoma kimya kila mtu kitabu chake, ilhali shule za kulinganishia ziliendelea na mazoezi yao ya sarufi kama desturi. Katika taarifa yao ya mwaka 1983 walieleza kwamba watoto waliopewa vitabu walipiga hatua katika kusoma mara mbili ya mwendo wa kawaida, na mwaka wa pili faida ile ikaenea hata katika kuandika na katika sarufi yenyewe, ambayo hawakuipigia mazoezi kama wenzao. Yaani waliosoma hadithi kwa furaha waliijua sarufi, na lugha ikawaingia bila kuitwa kwa jina.

Nasi tuliambiwa hayo mapema. Clive Criper na William Dodd, walioichunguza hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania mwaka 1984, walikuta kwamba hata hapa kwetu, katika Chuo Kikuu, waliopimwa na kuonekana kuwa waweza kusoma kwa wepesi vitabu vilivyo rahisi vya masomo yao hawakufika asilimia 20. Kutokana na taarifa hiyo ukazaliwa, mwaka 1987, mradi uliosaidiwa na Uingereza wa kuwapelekea wanafunzi wa sekondari vitabu vyepesi vya ziada. Vitabu vile vilikuwa dawa sahihi. Hata hivyo nimeingia katika shule ambazo vitabu vya hadithi vimefungiwa kabatini kwa kufuli, vipya kama siku vilipotoka kiwandani, kwa hofu kwamba watoto watavichakaza. Na mimi nasema kwamba kitabu kilichochakazwa na wasomaji kimelipa deni lake.

Lakini wingi wa vitabu hautoshi pasipo mtu wa kujibizana naye. Célestin Freinet, mwalimu wa kijiji huko Ufaransa, alileta mashine ndogo ya kupigia chapa darasani kwake katika miaka ya 1920, watoto wakaandika habari za maisha yao wenyewe, wakazichapa, wakazisoma, na wakazipeleka kwa watoto wa shule nyingine ya mbali waliowajibu kwa habari zao. Mtoto asomaye maneno ya mwenzake, akijua kwamba mwenzake angoja jawabu, hayasomi kwa kuogopa mwalimu; huyasoma kwa kutaka kujua, na akikosa kufahamu hurudi mwenyewe nyuma bila kuamrishwa. Sisi hatuhitaji hata mashine. Daftari moja nene la darasa latosha: mwanafunzi aliyemaliza hadithi huandika humo, kwa Kiingereza chake kilivyo, nini kilimpendeza na nini hakukisadiki, afuataye husoma, hukiri au hupinga, akataja ukurasa wa kitabu uliompa burhani, na mwalimu huandika naye kama msomaji mmojawapo, akiuliza maswali, akiiweka kando kalamu nyekundu.

Na katika mazungumzo yale ya darasani, Kiswahili kisifukuzwe. Mtafiti Jim Cummins ametufunza tangu mwaka 1979 kwamba ustadi wa kusoma, yaani kubashiri lijalo, kupambanua hoja na mfano wake, kutilia shaka, ukiisha kupatikana katika lugha moja huhamia katika ya pili. Mtoto aliyesoma vitabu vingi vya Kiswahili, akajifunza kumuuliza mtungaji amejuaje, haingii Kidato cha Kwanza mikono mitupu. Kumpiga faini au kumvika kibao shingoni kwa kusema lugha yake ni kumnyang'anya chombo pekee alicho nacho cha kufikia Kiingereza, nami nauita udhalimu.

Wakuu wa shule mliopo, nawasihi mambo yasiyohitaji fedha wala waraka. Katika ratiba ya muhula ujao tengeni kwa kila darasa la Kidato cha Kwanza kipindi kimoja kwa juma, dakika 40, cha kusoma kimya vitabu vyepesi, na mwalimu naye asome. Wekeni daftari la wasomaji mahali ambapo kila mwanafunzi atalifikia. Na kufuli za makabati ya vitabu, zifungueni kesho.