Mtoto Anayeonewa Shuleni Amwambie Nani?



Leo tuzungumze juu ya watoto wanaoonewa na wenzao shuleni. Sisemi utani. Utani huisha wote wakicheka. Kuonewa ni pale mkubwa anapomnyang'anya mdogo chakula au kalamu, anampiga au anamtukana, na kesho anarudia.

Mbona watoto wetu hawasemi? Hapa Gusii tunajua. Mvulana akitahiriwa Desemba, tunamwambia: sasa wewe ni omomura, usilie. Januari akipigwa shuleni ananyamaza, maana anaogopa kuitwa omoisia. Kumwambia baba ni vigumu kwa sababu ya chinsoni, ile heshima ya baba na mwana. Msichana naye ananyamaza akijua ataulizwa, "Wewe ulimfanyia nini?"

Lakini mila hiyo hiyo imetupa njia. Mjukuu na babu, au mjukuu na nyanya, hutaniana na kuongea bila kuogopana. Basi tuwatumie wazee. Jioni sokoro au magokoro amuulize mtoto, sio "Umesoma nini?" tu, bali pia "Leo ulicheza na nani? Ni nani alikusumbua njiani?" Kama wazee hawako, mtafutieni shangazi au jirani anayemwamini.

Mtoto akisema, fanyeni hivi:

1. Msikilizeni mpaka amalize. Msimgombeze, wala msimwambie, "Rudi umpige." Mdogo akirudisha ngumi huumizwa zaidi, na pengine ndiye atakayeadhibiwa.

2. Mfundisheni kwa kuigiza pale nyumbani: asimame wima, aseme kwa sauti, "Acha! Sitaki!" kisha aende penye watu. Kumwendea mwalimu sio uoga, wala sio kuchongea.

3. Watoto wa kijiji kimoja waende shule na kurudi pamoja.

4. Andikeni siku, mahali na lililotendeka. Mzazi aende na karatasi hiyo kwa mwalimu wa darasa, halafu kwa mwalimu mkuu. Msiende kumpiga mtoto wa wenyewe.

5. Shule isiposaidia, mwoneni afisa wa watoto, au pigeni 116, simu ya kusaidia watoto. Haina malipo.

Mwalimu akiwaambia "hayo ni mambo ya watoto tu", mjibuni kwa heshima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza mwanafunzi kuteswa, kwa mwili au kwa akili. Anayeivunja anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi miezi 6, au vyote viwili.

Na huyo anayeonea wenzake ni mtoto wa nani? Naye ni wetu. Akileta nyumbani kalamu isiyo yake, mwulizeni ameitoa wapi. Mara nyingi naye kuna mahali anapoonewa.

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja wetu ahakikishe kila mtoto wa boma lake ana mtu wa kumwambia. Tutaulizana hapa hapa.