UCHELEWAJI WA SAUTI KATIKA MITAMBO YA MTANDAO
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa sauti katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalotusumbua sisi mafundi wa kumbi, makanisa na stesheni za redio. Sauti ikikatika katikati ya hotuba, wa kwanza kuulizwa ni fundi. Basi yapasa fundi ajue sababu.

Katika mitambo ya namna hii kila sauti haina waya wake peke yake. Mtambo huikata sauti vipande, mara nyingi 48,000 kwa kila sekunde, huvifunga katika vifurushi, na kuvituma kwa waya wa mtandao pamoja na mizigo mingine. Vifurushi hivyo havifiki kwa mwendo mmoja, kwa kuwa kila swichi njiani huvisimamisha kidogo. Kwa hiyo mtambo unaopokea hungoja muda uliowekwa, ndipo hutoa sauti. Kifurushi kikifika baada ya muda huo hutupwa, nasi husikia mlio wa "tap".

Katika mitambo ya Dante twaweza kuchagua milisekunde 0.25, 0.5, 1, 2 au 5. Wako watakaosema, "Weka ndogo kabisa!" Ndugu zangu, haraka haraka haina baraka. Sauti hewani huenda kama mita 343 kwa sekunde; milisekunde 1 ni sentimita 34 tu. Aliye mita moja kutoka kwenye kipaza sauti amekwisha kucheleweshwa karibu milisekunde 3, wala halalamiki. Mwangalieni zaidi mwimbaji anayejisikia masikioni: kwake jumlisheni uchelewaji wa kila chombo njiani.

Hesabuni swichi. Katika mtandao wa gigabiti, sauti ikipita swichi 3, 0.25 yaweza kutosha. Swichi 5, wekeni 0.5; swichi 10, wekeni 1. Kompyuta inayopokea kwa programu huhitaji zaidi, milisekunde 4, 6 au 10. Zimeni katika swichi ile kazi ya kupunguza umeme, kwani huharibu mwendo wa saa inayoongoza vyombo vyote. Kisha fungueni programu ya Dante Controller mtazame mchoro wa vifurushi vinavyofika. Tazameni mtandao ukiwa na kazi nyingi, si asubuhi ukumbi ukiwa mtupu. Vikichelewa, ongezeni hatua moja. Vikichelewa hata kwenye 5, ubaya umo katika mtandao wenyewe: tafuteni swichi au waya mbovu.

Jambo la mwisho ni kuandika. Andikeni katika kitabu tarehe, kipimo mlichoweka, na mliyoyaona. Mkiambiwa mpunguze kipimo kinyume cha ushauri wenu, andikeni nani aliamuru na saa ngapi. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 19, hairuhusu tajiri kukata mshahara kwa mali iliyoharibika ila mfanya kazi awe amefanya kwa kusudi. Na kifungu cha 41 chasema kwamba kabla ya kufukuzwa kwa kosa au kazi mbaya, lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoifahamu, nawe una haki ya kuwa na mwenzako au mjumbe wa chama uliyemchagua.

Mjumbe wenu atawasemea vizuri akiwa na kitabu mkononi. Asiye na kitabu atabaki na maneno matupu.