Daftari Lililobaki Nyumbani: Shule ya Msingi na Masomo ya Mbali Inapofungwa

Mada iliyotolewa kwa walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule na maafisa elimu kata katika semina ya maandalizi ya dharura kabla ya masika

1.0 Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi jamii ya shule ya msingi inavyoweza kuendelea na masomo pale madarasa yanapofungwa. Nilifundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka mingi kabla sijawa mwalimu mkuu, na nitakayosema yanatoka huko. Ni maoni ya mtoa mada, yasichukuliwe kuwa msimamo wa halmashauri wala wa ofisi yoyote.

Mfano wangu mkuu ni mwaka 2020. Machi 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania. Kesho yake, Jumanne, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akatangaza kufungwa kwa shule za awali, msingi na sekondari kwa siku 30. Siku hizo zikaongezwa, na shule za msingi zikafunguliwa Juni 29. Ni karibu wiki 15. Kenya wanafunzi walio wengi walirudi Januari 2021, na Uganda kuna waliosubiri hadi Januari 10, 2022. Sisi tulifunga kwa muda mfupi kuliko jirani zetu hao wawili, na nadhani ndiyo maana tumesahau haraka. Lakini shule hazifungwi na korona peke yake. Aprili 2024 mafuriko yaliingia Rufiji na Kibiti, na waliopo hapa kutoka mabondeni wanajua maana ya kuona maji yamefika kwenye ubao. Masika mengine yako mlangoni.

2.0 Maana ya maneno

Sitakaa hapa. Masomo ya mbali ni ujifunzaji ambao mwalimu na mwanafunzi hawako mahali pamoja. Njia zake ni redio, televisheni, simu, intaneti na maandishi. Jamii ya shule ni wanafunzi, walimu, wazazi na walezi, kamati ya shule na serikali ya kijiji au mtaa. Kufungwa ni kufungwa. Haya sote tunayajua.

3.0 Hali ilivyokuwa

Mtoa mada anatambua juhudi zilizofanyika. Vipindi vya masomo vilirushwa redioni na kwenye televisheni, TBC ikiwemo. Taasisi ya Elimu Tanzania ilikuwa na vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao. Ubongo Kids, ambayo watoto walikuwa wameizoea tangu 2014, iliwafaa wenye televisheni. Shule kadhaa za mijini, hasa za kulipia, ziliunda makundi ya WhatsApp na mzazi akapokea kazi za mtoto kila asubuhi.

Vijijini kwetu simu ya nyumba ni moja, mara nyingi kitochi, na alfajiri inaondoka na baba au mama kwenda shamba. Redio ipo, betri ni suala jingine. Kipindi kikirushwa saa nne mtoto yuko kisimani. Haya yamesemwa katika semina nyingi na sina jipya la kuongeza, isipokuwa jambo moja linalosahauliwa. Januari 20, 2020 ilikuwa mwisho wa kusajili laini kwa alama za vidole, na baada ya hapo laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Wazazi wengi walibadili namba. Miezi miwili baadaye shule zinafungwa, na kitabu cha uandikishaji ofisini kwangu kimejaa namba zisizopatikana. Nilipiga ukurasa mmoja hadi mwingine. Sikuwa nimejua kwamba shule yangu haikuwa na njia ya kumfikia mzazi ila kwa kumtuma mwanawe.

4.0 Tatizo la daftari

Hapa ndipo naomba muda wenu, Mwenyekiti, hata kama nitakula dakika za mada nyingine.

Masomo yalikwenda nyumbani, hayakurudi. Redio ilisema, mtoto akasikia, pengine akaandika, na daftari likabaki pale pale chini ya mto wa kulalia. Hakuna kalamu nyekundu iliyoligusa kwa wiki 15. Kila taarifa niliyopata kuisoma kuhusu kipindi kile ilieleza vipindi vilivyorushwa. Sijasoma iliyoeleza madaftari yaliyosahihishwa.

Niwape mfano mmoja ambao sijaweza kuuacha. Siku ya kufungua, mtoto wa darasa la kwanza aliletwa na bibi yake. Kaja na daftari limejaa tangu jalada hadi jalada. Bibi akaniambia, “Mwalimu, mjukuu wangu hakukaa bure. Kila siku akishafungua mbuzi, anaandika.” Ilikuwa kweli. Mwandiko ulinyooka, mistari ilifuatwa, hakuna ukurasa uliochanwa. Na katika kila ukurasa tarakimu 3 ilikuwa imegeuka, mdomo unatazama kulia. Herufi b na d zilikuwa zimebadilishana mahali. Niliwashukuru wote wawili, kwa sababu walistahili shukrani. Kisha nikakaa na lile daftari ofisini na nikaona uzito wa kilichotokea. Mtoto mvivu angerudi hajui, nikaanza naye upya. Huyu mwenye bidii alirudi amelijua kosa kwa moyo. Mkono wake ulikuwa umelifanyia mazoezi majira yote ya masika na yote ya mavuno. Kulitoa kosa lile kulituchukua muda mrefu kuliko kumfundisha mwenzake ambaye hakushika penseli kabisa.

Wanaofundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wananielewa. Darasani mwalimu anapita kati ya madawati, anamwona aliyeshika penseli vibaya, anamshika mkono papo hapo. Kosa linaishi dakika mbili. Nyumbani linaishi mwaka. Na lugha yetu inalificha: mtoto anayechanganya b na d, ukimwambia aandike baba, ataandika dada. Mzazi aliye mbali kidogo na ubao anaona neno kamili, neno sahihi, analoliitikia kila siku, na anasifu. Mwalimu aliyesoma neno hilo pamoja na sentensi nzima ndiye atakayejua kwamba anayelima shambani katika sentensi hiyo ni baba.

Watoto wa darasa la tano na kuendelea wana afadhali. Wanaweza kusoma mfano kitabuni na kujilinganisha. Wa darasa la kwanza na la pili hawana cha kujilinganisha nacho. Walioanza Januari 2020 walikuwa wamekaa shuleni wiki kama kumi tu, wengi bado wako kwenye irabu na silabi za mwanzo. Hao ndio tuliowakabidhi redio.

Mwezi Aprili mwaka ule nilipeleka pendekezo katika ofisi moja. Kila kitongoji kiwe na kisanduku cha madaftari kwenye duka au kwa balozi wa nyumba kumi. Ijumaa mwalimu anayeishi karibu ayachukue, asahihishe, aandike mstari mmoja wa maelekezo kwa mlezi, Jumatatu yarudi. Pasiwe na mkusanyiko wa watoto wala mikutano. Hofu iliyotolewa ilikuwa kwamba karatasi zingebeba ugonjwa. Hofu ile ilikuwa na haki yake siku zile, na nilipendekeza madaftari yalale siku mbili kabla ya kuguswa. Nikaambiwa nisubiri mwongozo. Nilisubiri hadi shule zikafunguliwa. Tangu hapo nimelileta pendekezo hili kila nilipopata nafasi ya kusema, na kila mara linaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao, na kikao kinachofuata kinazungumzia vifaa: vishikwambi, redio za jua, minara. Sipingi vifaa. Kishikwambi kisichokuwa na mwalimu wa kuangalia alichoandika mtoto ni redio nyingine iliyong’arishwa.

5.0 Tuliwahi kujua

Linaloniumiza zaidi ni kwamba nchi hii ilikuwa na ujuzi wa kufundisha kwa mbali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifikia watu wazima takribani milioni mbili kwa redio. Haikuwaacha na redio. Walikuwa na vikundi, kila kikundi na kiongozi aliyepewa mafunzo, kitabu mkononi, na baada ya kipindi watu wanajadili na kuamua la kufanya wiki hiyo: choo kichimbwe wapi, nyasi zifyekwe lini. Chakula ni Uhai ya 1975 ilifuata mkondo huohuo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imeendesha elimu kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970, na kiini cha elimu hiyo ni zoezi linalotumwa, kusahihishwa na kurudishwa. Na walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, walifundishwa ualimu vijijini mwao kwa redio, masomo ya posta na wakufunzi waliowafuata. Wengine wetu tulifundishwa silabi na walimu hao.

Zanzibar, katikati ya miaka ya 2000, programu ya redio ya Tucheze Tujifunze iliwafikia watoto wadogo kabisa. Mtangazaji aliuliza, akanyamaza ili mtoto ajibu, na pale walipokaa watoto palikuwa na mlezi aliyeona nani amejibu na nani amekaa kimya.

Katika mifano yote hiyo kuna mtu aliyekaa mwisho wa safari ya somo na kulipokea. Mwaka 2020 tulichukua redio tukamwacha mtu huyo.

6.0 Mapendekezo

Pendekezo la kwanza ni kila shule iwe na rejista ya mawasiliano inayohakikiwa kila muhula, si ile ya siku ya uandikishaji. Iandikwe namba ya mzazi, ya jirani mwenye simu, jina la kitongoji na la balozi. Kazi hii ni ya mwalimu wa darasa, na mthibiti ubora akija aikague kama anavyokagua rejista ya mahudhurio. Namba ipigwe mbele ya mwalimu, ionekane inaita.

Vipindi vya redio viendelee, na ratiba yake iwafikie walimu wakuu mapema ili wazazi wajue saa. Vipindi vya KKK virushwe jioni, watoto wakiwa wamerudi kutoka kisimani na machungani. Na kila kipindi kiishe na zoezi moja fupi la kuandikwa daftarini, ili mwalimu awe na cha kusahihisha.

Visanduku vya madaftari vipangwe sasa, kabla ya mvua. Kila kamati ya shule ikubaliane na mwenye duka, msikiti, kanisa au ofisi ya kijiji, na jina la mahali hapo liandikwe katika mpango wa dharura wa shule. Mwalimu aliye jirani na kitongoji apangiwe kitongoji hicho. Tusisubiri mwongozo wa kitaifa kwa jambo ambalo sheria haijalikataza. Nalisema hili kwa heshima, nikijua kwamba wapo maafisa humu watakaoona nimevuka mpaka. Pale ugonjwa utakapokuwa ndio sababu ya kufungwa, mganga wa kituo cha afya cha kata aulizwe, na neno lake lifuatwe.

Walimu watalalamika kuhusu wingi, na malalamiko yao ni ya kweli. Sera inasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na hapa kuna walimu wa darasa la kwanza wanaohesabu zaidi ya mara mbili ya hapo. Kwa hiyo napendekeza darasa la kwanza na la pili yapewe kipaumbele, na walimu wa madarasa ya juu wagawiwe madaftari yao wakati wa kufungwa. Ni ukurasa mmoja kwa mtoto kwa wiki. Kazi hiyo inawezekana.

Ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, haijawahi katika shule nilizofanyia kazi kupangiwa hata shilingi ya nauli ya daftari. Naomba halmashauri itoe tamko kwamba nauli ya bodaboda, muda wa maongezi na kalamu za kusahihishia ni matumizi halali ya dharura. Bila tamko hilo mwalimu mkuu mwangalifu hatathubutu, na sitamlaumu.

Wazazi na walezi wafundishwe mambo matatu, katika mkutano wa wazazi wa muhula huu: namna ya kushika penseli, upande ambao tarakimu zinatazama, na tofauti ya b na d. Bibi yule angepewa karatasi moja yenye herufi kubwa kuibandika ukutani, angelinda mwandiko wa mjukuu wake kuliko kipindi chochote. Asiyejua kusoma pia anaweza kulinganisha umbo na umbo. Karatasi hiyo inaweza kuandaliwa katika Kituo cha Walimu kwa siku moja, na iwe imebandikwa kabla shule haijafungwa, kwa sababu ikishafungwa hatuna njia ya kuwafikia, kama nilivyoeleza kuhusu namba za simu.

Baada ya kufunguliwa, kabla ya kuanza mada mpya, kila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la nne atumie wiki ya kwanza kusoma madaftari ya nyumbani. Tusiwape mtihani. Mtihani utatuambia nani hajui, na daftari litatuambia nani amejifunza kosa, na hao ndio wanaohitaji msaada wa haraka.

Rejista ya mawasiliano, nairudia, ihakikiwe kila muhula. Na visanduku viwekwe sasa. Walimu wakuu waliotoka kata za bondeni naomba wabaki kidogo baada ya kikao tuandike majina ya maduka. Karatasi ninayo, na mwenye duka wa kitongoji cha kwanza nilikwishaongea naye, amekubali.