Ajali ya Kichwa: Isifichwe kwa Tabibu



Katika barabara zitokazo Mpanda mjini kwenda Mishamo na Karema, pikipiki ndiyo usafiri wa wengi, na abiria asiyevaa kofia ngumu ni jambo la kila siku. Abiria huyo huanguka, hupoteza fahamu kwa muda mfupi, kisha huamka, hujibu maswali na kurudi nyumbani kwa miguu yake. Usiku hutapika, husinzia na kusema maneno yasiyoeleweka. Ndugu husema ni pombe, au malaria imempanda kichwani, au ametupiwa jambo. Saa zinapita, na ndani ya fuvu damu inazidi kujikusanya na kuukandamiza ubongo.

Malaria inahitaji neno la pekee. Kipimo kikionesha vimelea, hakijathibitisha kwamba ndivyo vilivyomlaza mgonjwa, kwa maana mtu mzima wa ukanda wenye malaria anaweza kuwa navyo na asiumwe. Tabibu asiyeambiwa habari ya kuanguka atatibu homa. Aambiwe, hata kama ni majuma matatu yamepita. Mzee aliyejigonga kwenye mwimo wa mlango huweza kuvuja damu taratibu ndani ya kichwa, akaanza kusahau na kuburuta mguu wiki kadhaa baadaye, watu wakidhani ni uzee tu. Mara nyingi hali hiyo hutibika kwa upasuaji.

Picha ya eksirei huonesha mfupa. Damu iliyo ndani huonekana kwa CT-scan. Lakini muuguzi anacho pia kipimo kisichohitaji mashine, kilichotangazwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti. Hutazama macho, maneno na mwitikio wa viungo, kisha hutoa alama kati ya 3 na 15. Anapomwamsha mgonjwa mara kwa mara hamsumbui: alama zikishuka, rufaa haingoji asubuhi. Fomu ya PF3 ifuatiliwe na ndugu mwingine wakati matibabu yanaendelea.

Kupona nako huchukua miezi, pengine miaka. Dereva aliyekuwa mpole anaweza kurudi mwenye hasira, msahaulifu, asiyevumilia kelele za soko. Kidonda kimefunga, hivyo majirani humwona mvivu au mkorofi, ilhali bado ni mgonjwa. Arudishwe kliniki, aanze na kazi nyepesi, na pikipiki asiiguse hadi daktari aruhusu.