Mvua Haiji kwa Siri

Tarehe 1 Desemba kila mwaka Ziwa Mweru hufungwa upande wa Zambia. Nyavu hutolewa majini mpaka mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaana. Hilo silipingi. Mkoani Luapula, penye ziwa hilo, watu bado wanasimuliana habari za mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga. Alitegewa nyavu njiani mwaka hadi mwaka, na katika miaka ya 1940 makundi yale yakatoweka.

Swali langu ni hili: serikali ikitaka kubadili kanuni, iwe tarehe ya kufunga ziwa, tundu la wavu au ada ya leseni, inaweza kuamua kabla ya kuwasikiliza wavuvi?

Inaweza pale tu penye hatari isiyongoja. Kipindupindu kikiingia kambi ya wavuvi, mtu huweza kufa ndani ya saa chache. Afisa wa afya akingoja mkutano ndipo afunge kambi, watu watazikwa. Basi afunge leo, kisha arudi aeleze na asikilize, na amri yake iwe na siku ya kwisha.

Lakini samaki hutaga kwa majira yanayojulikana. Kati ya Machi na Novemba Idara ya Uvuvi ina miezi tisa ya kufika Nchelenge na Kashikishi mwambaoni, ikae na wavuvi na akina mama wanaonunua samaki kwa mtaji wa mkopo. Hao ndio wanaojua ng'ambo ya ziwa kunafanyika nini, maana amri ya Lusaka haimfungi mvuvi wa Pweto, Kongo. Tena Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2011 imeweka kamati za kusimamia uvuvi zenye wananchi wa mwambao ndani yake. Zisipoulizwa katika jambo hili, ziliundwa kwa kazi gani?

Nchi nyingine zimeliandika jambo hili katika sheria zao. Marekani, tangu sheria ya mwaka 1946, idara ya serikali inayoruka hatua ya kupokea maoni ya wananchi kwa kudai dharura hutakiwa kuandika sababu zake. Kenya, sheria ya mwaka 2013 inadai wanaoguswa na kanuni washauriwe.

Lakini hapa Zambia, Ibara ya 67 ya Katiba inampa mtu siku 14 tangu kanuni ichapishwe katika Gazeti la Serikali kuipinga kwamba inakiuka Katiba. Siku 14! Kutoka Lusaka hadi Nchelenge ni karibu kilomita 1,000. Mvuvi aliye kambini kisiwani atalipata wapi gazeti hilo, na lini? Haki ya kulalamika baadaye haitoshi kwa mtu ambaye habari humfikia muda umekwisha.

Naiomba Idara ya Uvuvi: rasimu ya kanuni isomwe redioni kwa Kibemba na ibandikwe bandarini Nchelenge kabla waziri hajatia saini. Nawe mvuvi, kamati ikiitisha mkutano, nenda ukaseme.